Kabati la vinia la zamani: ondoa vanishi, usiondoe mbao

*"Marehemu bibi alituachia kabati refu la vyombo lililotengenezwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni jekundu la kahawia na michoro ya mbao inapendeza, lakini juu pamefifia. Kuna alama nyeupe za vikombe, na doa moja jeusi la duara pale lilipokaa kopo la maua kwa miaka mingi. Sehemu mbili zimevimba, nikizigonga zinalia wazi kama ngoma. Pembeni kipande cha ngozi ya juu kama ukubwa wa sarafu kimebanduka na kupotea. Kaka yangu anasema hiyo si mbao halisi, ni plaiwudi, tulipake rangi nyeupe yaishe. Fundi wa mtaani anasema atalipiga mashine ya msasa na vanishi, kazi ya siku moja. Mimi ningependa nilifanyie kazi mwenyewe nyumbani. Inawezekana?"*

Inawezekana, na kwa jinsi ulivyolieleza, kabati lako halijafika pabaya. Kuna jambo moja tu la haraka: mwambie fundi asubiri, na mashine yake isilikaribie kabati hilo.

Chukua kadi ya benki uitazame ubavuni. Unene wake ni milimita 0.76. Vinia, yaani ile ngozi nyembamba ya mbao ya juu, kwa makabati ya umri huo kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.6 na 1, kwa hiyo unene wa kadi hiyo ndiyo mbao nzuri yote uliyo nayo kabla ya kukutana na ubao wa chini. Mashine ya msasa yenye karatasi namba 60 au 80 inaumaliza unene huo kwa muda mfupi sana, na haianzii katikati. Inaanzia kwenye kingo na kona, kwa sababu hapo ndipo mashine inapolala upande bila fundi kuhisi. Vinia ikishatoboka hairudi. Unabaki na kiraka cheupe cha ubao wa ndani, na hakuna vanishi inayokificha.

Kaka yako naye nadhani amechanganya mambo mawili. Vinia ni mbao halisi iliyokatwa nyembamba na kubandikwa juu ya ubao mwingine. Wamisri wa kale walifanya hivyo kwenye samani za wafalme wao. Sababu si ubahili peke yake. Ubao mpana wa mkangazi au mvule hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kila unyevu wa hewa unapobadilika, na hewa ya pwani haitulii. Ubao wa sentimita 50 unaweza kucheza milimita kadhaa kati ya masika na kiangazi, na matokeo yake ni kupinda au kupasuka. Vinia iliyobandikwa juu ya ubao uliopangwa kwa nyuzi za kupishana hutulia. Tena inamwezesha seremala kutumia gogo moja lenye michoro mizuri kwenye milango yote. Angalia milango miwili ya kabati lako ikiwa imefungwa: kama mchoro wa kulia unaakisi wa kushoto, kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa, hizo ni karatasi mbili zilizofuatana kutoka gogo moja. Ukipaka rangi nyeupe juu yake, utakuwa umefunika kitu ambacho leo ni ghali kukipata.

Sasa tuje kwenye kiini cha kazi. Kinachoonekana kimechakaa kwenye kabati lako, kwa sehemu kubwa, ni vanishi iliyo juu ya mbao. Mbao yenyewe ni nzima. Vanishi kuukuu huondolewa kwa kuiyeyusha, na ukiiyeyusha vizuri unafika kwenye mbao bila kupunguza unene wake. Ndiyo maana swali la kwanza ni vanishi gani imepakwa pale, kuliko kuuliza msasa wa namba ngapi.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta mahali pa maficho, kwa mfano upande wa ndani wa mlango karibu na bawaba, ukiwa umeshapafuta nta na uchafu. Lowesha pamba kwa spiriti, igusishe hapo kwa dakika moja, kisha papase kwa kidole chenye glovu. Ikinata na kuacha rangi ya kahawia kwenye pamba, hiyo ni shelaki, ile polishi ya kienyeji ya maseremala wa zamani inayotokana na utomvu wa mdudu wa India na Thailand. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina ya lakari, ile vanishi inayopuliziwa kwa bomba, mahali pengine. Ikilainika, ni lakari ya kupuliziwa. Vyote viwili visipoigusa, ni vanishi ya mafuta au ya poliurethani, nayo itahitaji dawa maalumu ya kuondolea rangi. Kwa kabati la Tanga la miaka ya 1960, dau langu ni shelaki au lakari, na kati ya hizo shelaki ndiyo rahisi kuliko zote.

Madoa yako ni ya aina mbili, na kuyatofautisha kutakuokoa kazi. Doa jeupe liko ndani ya vanishi: ni unyevu uliopenya na kunaswa humo, mbao chini yake haijaguswa. Doa jeusi liko ndani ya mbao yenyewe. Kopo la maua lilipata kutu, maji yakabeba chuma kupita kwenye ufa wa vanishi, na chuma kilipokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, vikafanya wino. Hata ukilisugua siku nzima halitoki, maana limezama kuliko unene unaoweza kuutoa.

Kwa hiyo kabla ya kuvua vanishi yoyote, jaribu alama nyeupe peke yake. Kunja kitambaa laini, kidondoshee spiriti kidogo, kisha kikamue na kukipepea mpaka kiwe kama kimekauka. Ukikigusisha kwenye mdomo wa juu uhisi ubaridi tu. Kipitishe juu ya alama kwa mikupuo mepesi ya haraka, bila kusimama. Kwenye shelaki, alama nyingi hufifia au kuisha. Kitambaa kikiwa na spiriti nyingi kitanata na kuacha alama mbaya zaidi, hivyo anza na ile isiyoonekana sana. Pande na milango huenda zikahitaji hilo pamoja na usafi tu. Watu huvua kabati zima wakati kilichoharibika ni uso wa juu pekee, na kila unapovua unapoteza rangi ya umri ambayo hakuna chupa inayouzwa.

Usafi wenyewe ni tapentaini kwenye tambara, ukifuata nyuzi, hadi tambara litoke safi. Hapa nakuuliza: je, kabati limewahi kufutwa kwa mafuta ya taa, mafuta ya nazi, au polishi ya kopo la kupuliza? Nyumba nyingi hufanya hivyo. Mafuta hubaki kwenye vinyweleo vya mbao, na polishi za kopo mara nyingi zina silikoni. Vanishi mpya ikikutana na silikoni hukimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Kama jibu ni ndiyo, futa mara tatu au nne, kila mara kwa tambara jipya.

Kurudisha vinia iliyoinuka kufanyike kabla ya kuvua vanishi, ingawa wengi hufanya kinyume. Vanishi ya zamani ikiwa bado ipo, gundi itakayochuruzika itakaa juu yake na kutoka pamoja nayo. Ikichuruzika kwenye mbao tupu inazama, na doa lake litajitokeza siku utakapopaka vanishi mpya.

Gonga uso wote kwa ukucha na uzungushie chaki kila panapolia wazi. Kisha tambua gundi: chungulia pale pembeni palipobanduka, weka tone la maji ya moto kwenye mabaki ya gundi, usubiri dakika chache. Ikiwa telezi na yenye kunata, ni gundi ya ngozi ya mnyama, nayo ina sifa nzuri sana: joto na unyevu vinaifufua. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevunyevu juu ya uvimbe, weka pasi kwenye joto la chini kabisa, gandamiza sekunde 10 hadi 15, inua, angalia. Rudia mara mbili au tatu. Ukihisi vinia imelainika na kushuka, ondoa pasi, tandika nailoni, weka juu yake kipande cha ubao kilichonyooka, kisha ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Hizo ni kilo 20, zinatosha. Iache mpaka kesho yake. Vanishi ya hapo itakuwa nyeupe na mbaya. Usihofu, inaondoka kwenye hatua inayofuata.

Pasi ikishindwa, au gundi si ya ngozi, chukua wembe mpya na upasue uvimbe kwa mstari mmoja unaofuata nyuzi, usikate kuzivuka. Ingiza kisu chembamba, kwangua vumbi na gundi iliyokufa, kisha sukuma gundi kwa bomba la sindano. Gundi nyeupe ya mbao itafaa ikiwa umesafisha vizuri, kwa sababu haishikani sawasawa na mabaki ya gundi ya ngozi. Weka kidogo tu. Gundi nyingi ina maji mengi, vinia itatanuka kwa upana, na mdomo wa mpasuko utapandana. Ikitokea hivyo, punguza ukingo mmoja kwa wembe kiasi cha unywele kabla ya kugandamiza. Halafu nailoni, ubao, ndoo, saa 24.

Kile kipande cha ukubwa wa sarafu usikijaze pati. Pati haina nyuzi, hainywi rangi kama mbao, na macho yatakwenda hapo hapo kila siku. Tafuta kipande cha vinia ya mkangazi kwa mafundi wa milango, au uchukue kidogo mahali pasipoonekana, mgongoni mwa kabati au chini ya rafu. Kata kiraka chenye umbo la mtumbwi, ncha mbili zilizochongoka zikielekea upande wa nyuzi. Kisha weka kiraka juu ya pengo, kizungushie ncha ya wembe, na ukate pengo lifuate kiraka. Mstari unaovuka nyuzi kwa pembe mraba huonekana toka mlangoni, wakati mstari wa mshazari hupotea. Kabla ya kugundisha, geuza kiraka kichwa chini miguu juu na ukitazame toka dirishani: vinia hurudisha mwanga tofauti kwa kila upande, na upande usio sahihi utaonekana mweusi hata kama ni mbao ileile. Vinia za sasa ni nyembamba, nyingi milimita 0.5 au 0.6. Kiraka kikikaa chini ya usawa, gundisha tabaka jingine chini yake. Kikizidi kidogo ni sawa, utakisawazisha kwa kikwaruzo, bamba la chuma la kukwangulia mbao.

Kuvua uso wa juu. Toa droo na vishikio, fungua madirisha, na zima kila moto, pamoja na jiko la mkaa la jirani wa ukumbini. Spiriti na thina hushika moto kwa mvuke tu. Vaa glovu, spiriti ya kuwashia ina methanoli, ambayo ni sumu ikinywewa na hata ikipenya kwenye ngozi. Mjamzito asiwemo kwenye chumba hicho. Na usilipeleke kabati juani ili ufanye kazi "kwenye hewa": jua huikausha spiriti kabla haijafanya kazi na huivuta vinia mpaka inyanyuke. Kivuli cha veranda kinatosha.

Gawa uso katika vipande vya sentimita 30 kwa 30. Lowesha kipande kimoja kwa spiriti, kifunike kwa nailoni ili isipotee hewani, subiri dakika 5 hadi 10. Shelaki itakuwa kama asali. Isukume kwa ile kadi ya benki iliyoisha muda, ukifuata nyuzi, na uifute kwenye gazeti. Rudia na kitambaa chenye spiriti, kisha stiliwaya laini kabisa kwa mkono mwepesi. Kwa uso wa kabati la mita moja na nusu, tenga lita mbili za spiriti na asubuhi nzima. Ikiwa ni lakari, utaratibu ni uleule kwa thina, ila mvuke wake ni mkali zaidi.

Mtu akikushauri magadi makali, yale yanayotengenezea sabuni, kataa. Yanalegeza gundi na kuifanya mbao kuwa nyeusi. Dawa za kuondolea rangi zenye methilini kloridi pia zikwepe. Mvuke wake umeua watu waliofanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa, na Marekani ilizuia kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019.

Sasa doa jeusi, likiwa kwenye mbao iliyovuliwa. Duka la kemikali litakuuzia asidi ya oksaliki. Yeyusha gramu 40 kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, katika chombo cha plastiki au kioo. Pakaza kwa sifongo iliyokamuliwa, doa kwanza, halafu uso mzima wa juu, la sivyo utabadilisha doa jeusi kuwa doa jeupe. Usimwage maji, chini kuna gundi. Subiri dakika 15 au 20, rudia likibaki. Futa kwa maji safi mara tatu, halafu maji yenye kijiko cha magadi ya kuokea kwa lita moja, kisha maji safi tena. Asidi hii ni sumu, na ikikauka inaacha chembe ndogo. Ukizipiga msasa kabla hujazifuta, vumbi lake litakuchoma koo na pua. Usiichanganye kabisa na jiki, hutoa gesi ya klorini. Acha mbao ikauke siku mbili kamili.

Hapo ndipo msasa unapoingia, kwa mkono. Namba 220 iliyozungushiwa kipande cha mbao au gamba la kizibo, mikupuo mitano au sita kwa kufuata nyuzi, basi. Kingo ziguse mara mbili tu. Ukiona rangi imebadilika ghafla kuwa hafifu, au nyuzi zinazokwenda upande mwingine zikichungulia, simama pale pale, umefika chini.

Usishtuke mbao ikionekana kavu na ya kijivujivu. Ifute kwa spiriti: rangi utakayoiona kwa zile sekunde chache kabla haijakauka ndiyo rangi utakayopata kwa vanishi isiyo na tinti, yaani rangi ya kutia mbao. Wengi hukimbilia kupaka tinti kabla ya kufanya hivyo, kisha wakajuta.

Kuhusu upakaji, nitakupa chaguo langu na sababu zake. Pande na milango zirudishie shelaki: inashikana na ile ya zamani, inakauka kwa dakika, na ikikwaruzika miaka kumi ijayo utaitengeneza bila kuvua upya. Yeyusha gramu 120 za shelaki ya magamba kwa lita moja ya spiriti, iache usiku kucha, ichuje kwa kitambaa, upake matabaka mengi membamba kwa pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa cha kitani. Shelaki iliyokwisha kuyeyushwa huzeeka ndani ya miezi sita hivi. Dondosha tone kwenye kioo, na ikibaki inanata kesho yake, itupe.

Uso wa juu ni tofauti, kwa sababu utawekewa chai ya moto na shelaki haipendi moto wala pombe. Hapo paka vanishi ya mafuta. Tabaka la kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini, lifute kwa kitambaa, liache saa 24. Matabaka mengine matatu yawe sehemu tatu za vanishi kwa moja ya tapentaini, na kati ya kila moja gusa kwa msasa namba 320. Poliurethani ni ngumu zaidi, nakubali, lakini siku ikianza kubanduka huwezi kuirekebisha kipande. Itabidi kuvua yote, na vinia haivumilii kuvuliwa mara nyingi.

Chagua siku kavu. Shelaki na lakari zikipakwa hewa ikiwa nzito kama ya Aprili pale Tanga, spiriti inapoondoka inapoza uso, umande unanasa, na uso wote unakuwa na ukungu mweupe. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Matambara yenye vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke moja moja. Yakifungwa pamoja kwenye mfuko yanapata joto yenyewe na kuwaka.

Kuna hali ambazo ningekuomba usiendelee peke yako. Unga mpya wa mbao ukidondoka chini ya kabati, wadudu bado wanabungua, na waondolewe kwanza. Ubao wa ndani ukiwa chipbodi iliyovimba kama mkate, pasi haitausaidia. Vinia ikiwa imeinuka zaidi ya robo ya uso, inahitaji klampu na shinikizo la karakana. Ukikuta tabaka la rangi ya zamani mahali popote, usiikwangue kavu wala kuichoma. Rangi za enzi hizo huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru watoto zaidi. Na ukikuta jina la karakana au muhuri nyuma ya droo, lipige picha na umwonyeshe mtu anayejua samani za zamani kabla hujagusa vanishi.

Ukiamua kumpa fundi, hata yule wa mtaani, muulize maswali mawili mbele ya kabati: utaivuaje vanishi hii, na uvimbe huu utaurudishaje? Akitaja spiriti, pasi na uzito, mpe kazi na umlipe kwa siku nne. Akirudia mashine, mshukuru, kisha anza mwenyewe na upande wa ndani wa mlango, pamba na spiriti mkononi.